Bushi ya mkono wa shafti imelika: je, nibadilishe bushi pekee?

Mwenye_Chombo
Wakuu, salaam. Boti yangu ina injini ya ndani, na shafti yake (fimbo inayozungusha pangaboi) ya chuma cha pua ya milimita 25 inashikiliwa huko nje na mkono mmoja wa shaba wenye bushi ya mpira, yaani kibomba ambamo shafti huzunguka. Ikiwa majini, boti hutetema kila injini inapoongezwa mwendo. Sasa iko nchi kavu, na nikilishika pangaboi na kuliinua, shafti inacheza waziwazi ndani ya bushi. Isitoshe, mahali inapokaa kwenye bushi shafti imechimbika kiasi cha kunasa ukucha. Naomba kujua iwapo kubadilisha bushi peke yake kunatosha, na namna ya kuitoa bila kuudhuru mkono.

Fundi_Kerezo
Ndugu, bushi hailiki hivihivi, kwa hiyo chunguza kwanza namna ilivyolika. Shafti iliyopinda huzunguka na kombo lake, ikaikwangua bushi mduara mzima ilhali yenyewe inalika upande mmoja; injini isipokuwa kwenye mstari, shafti hulalia upande uleule wa bushi, na hapo bushi ndiyo inayolika upande mmoja. Vyovyote iwavyo, itoe shafti, ipelekwe kwenye kerezo (mashine ya kuchongea chuma) ikapimwe unyoofu wake kwa saa ya kupimia. Shafti iliyochimbika kiasi hicho itaila bushi mpya haraka. Wapo wanaojazia kwa kulehemu kisha wakachonga upya, lakini joto la kulehemu huweza kuipinda shafti, nami ningenunua mpya.

Baharia_Mkongwe
Nakubaliana na Fundi. Kuhusu kuitoa bushi, tafuta kwanza skrubu ndogo zilizo ubavuni mwa mkono, ambazo mara nyingi hufichwa na rangi, uzifungue. Shafti ikishatoka, pitisha wembe wa msumeno wa chuma ndani ya bushi, ufunge kwenye fremu yake, kisha ukate mpira na ganda lake la nje kwa urefu, mistari miwili, ukipunguza kasi unapokaribia shaba ya mkono ili usiikwaruze. Ganda likishakatika hukunjwa kwa ndani na kutoka kwa urahisi. Nyundo iache mbali: bushi ikikataa kutoka, nguvu yote huhamia kwenye mkono na boliti zake, na mkono uliopinda ni kazi kubwa kuliko hii uliyo nayo.

Bushi mpya ilaze usiku kucha kwenye friza ili inywee kidogo, kisha uivute mahali pake kwa fimbo yenye nyuzi, washa na nati. Ikihitaji kilainishi, tumia maji ya sabuni, si grisi. Skrubu za ubavuni ziingie kwenye vishimo vifupi ulivyotoboa kwenye ganda. Zikilisukuma ganda kwa ndani, mpira utaibana shafti. Usiizungushe shafti ikiwa kavu, kwa sababu bushi ya aina hii hulainishwa na maji yanayopita kwenye mifereji ya mpira wake.

Mwenye_Chombo
Nashukuru sana. Nimetazama tena: bushi imelika upande wa chini tu, na shafti imechimbika sawasawa pande zote.

Fundi_Kerezo
Basi lawama ni za injini, au mipira ya miguu yake imelala. Usihangaike kuiweka injini kwenye mstari boti ikiwa nchi kavu, kwani umbo la boti hubadilika kidogo ikiwa majini. Ishushe, iache itulie siku nzima, ndipo ufungue boliti za flanji, yaani sahani mbili zinazounganisha shafti na gia boksi. Zikutanishe flanji mbili bila kuzikaza, na upime nafasi iliyo kati yake juu, chini na pande zote mbili. Kipimo kinachofuatwa na mafundi wengi ni inchi 0.001 kwa kila inchi ya kipenyo cha flanji, yaani flanji ya inchi 4 isizidishe tofauti ya inchi 0.004, takribani milimita 0.1. Halafu izungushe flanji ya shafti nusu mzunguko bila kuigusa ile ya gia boksi, upime tena: nafasi kubwa ikibaki palepale, rekebisha miguu ya injini; ikihama pamoja na flanji, basi flanji au shafti yenyewe ina kombo.

Baharia_Mkongwe
Ukiweka shafti mpya, angalia na urefu wake, maana kitovu cha pangaboi kikikaa mbali na mkono kuliko kipenyo kimoja cha shafti, mtetemo huweza kurudi hata kama vingine vyote viko sawa.