Mgongo upi wa Highlands, milima ya Scotland, kwa siku moja peke yako: Aonach Eagach au Five Sisters?

Mtembezi_Kelvin
Wakuu, habari zenu. Niko Glasgow, sina gari, na nimepata siku moja ya likizo katikati ya Juni. Nataka kutembea juu ya mgongo wa mlima peke yangu, kutwa nzima. Ben Lomond na milima ya Arrochar nimeizoea, ramani na dira natumia bila shida. Nimebaki na miwili: Aonach Eagach pale Glencoe, au Five Sisters kule Kintail. Upi? Na tafadhali msiniambie niende na kundi, wimbo huo nausikia nyumbani kila siku.

Bi_Dira
Aonach Eagach uutoe kabisa. Kimo chake si hoja, vilele vyake viwili vikuu, Meall Dearg ni mita 953 na Sgorr nam Fiannaidh 967. Hoja ni kwamba ukishateremka kilele cha Am Bodach kwenda magharibi, huna pa kutokea hadi ukaribie kilele cha Stob Coire Leith. Kulia genge, kushoto genge, na katikati kuna minara ya mawe unayoipita kwa mikono na miguu. Mvua ikikukuta hapo, kurudi ni kazi ileile ya kusonga mbele. Na ukimaliza salama, usidanganywe na kijia kinachoporomoka kando ya korongo la Clachaig Gully eti kwa sababu unaiona baa kule chini. Mawe yake yanabomoka, na watu wamefia pale. Endelea hadi kwenye mwinamo ulio kabla ya kilima cha Pap of Glencoe, ndipo ushuke.

Chuma_cha_Pwani
Dada unamtisha bure. Mimi nimeupita peke yangu, mwamba mkavu, upepo hakuna, raha tupu. Asiyeogopa kimo atapita.

Bi_Dira
Mwamba mkavu Glencoe ni wa kuomba Mungu, kaka. Wewe ulichagua siku. Yeye siku ameshapangiwa na bosi wake.

Nyika_Aberdeen
Naungana na Bi Dira. Five Sisters ni mgongo mzuri ila magoti yatakusimulia. Kutoka barabara ya A87 hadi Bealach an Lapain, pale unapoingia mgongoni, unapanda zaidi ya mita 500 bila kupumua, halafu ni shuka panda, shuka panda: Sgurr na Ciste Duibhe 1,027, Sgurr na Carnach 1,002, Sgurr Fhuaran 1,067. Karibu na Ciste Duibhe mgongo unagawanyika mara mbili, na kwenye ukungu ni rahisi kufuata ule usio wako. (Bonde la chini ndiko jeshi la serikali lilikowapiga Wajakobi, waasi waliotaka kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart, na Wahispania waliowasaidia, 10 Juni 1719. Kilele kimoja utakachopita bado kina jina la hao Wahispania.)

Lakini kwa nini usitazame ng'ambo ya barabara? South Glen Shiel ina Munro 7, yaani vilele vinavyozidi futi 3,000, zote kwenye mgongo mmoja. Unaanzia Cluanie, penye hoteli kando ya A87, na basi la kutoka Glasgow kwenda kisiwa cha Skye linasimama hapohapo. Njia ya kupanda Creag a' Mhaim, kilele cha kwanza, ni ndefu lakini inakwenda pole pole, na ukishafika juu, hupotezi kimo kingi kati ya kilele na kilele. Kubwa zaidi, kuna matawi ya mgongo yanayoshuka kaskazini hadi A87. Lile la Maol Chinn-dearg, kilele cha nne, lina njia inayoonekana. Hali ya hewa ikigeuka, unashuka pale na siku yako haikuharibika. Sehemu nyembamba ipo baada ya Aonach air Chrith, kilele cha tatu, ila haifanani hata kidogo na Glencoe.

Kibo_Moshi
Samahani nauliza kutoka nyumbani. Huko mnapanda bila mwongozo? Huku Kilimanjaro huvuki geti bila yeye.

Bi_Dira
Hakuna geti, hakuna kiingilio. Sheria ya ardhi ya Scotland ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita, na hata kulala kwenye hema, mradi asiharibu. Ukiumia unapiga namba ya dharura, 999, unaomba polisi, kisha timu ya uokoaji milimani. Ni watu wa kujitolea, na hawakutozi kitu. Kelvin, simu yako isajili leo: tuma neno "register" kwenda 999, maana huko ujumbe unaweza kupita pale sauti inaposhindwa. Beba na filimbi. Mipigo 6 kwa dakika, unatulia dakika moja, unarudia.

Mtembezi_Kelvin
Basi ni South Glen Shiel. Nitalala kwenye hema karibu na Cluanie jioni ya kuamkia siku yenyewe. Visubi je?

Nyika_Aberdeen
Juni wapo, na wanapenda jioni isiyo na upepo. Vaa wavu wa kichwani, na hema lipige mahali panapopuliza. Juu mgongoni hawatakusumbua. Kingine: mwanga wa Juni unafika hadi saa nne usiku, lakini basi la kurudi Glasgow haliufuati huo mwanga. Ukifika Maol Chinn-dearg tazama saa. Kama umechelewa, shuka hapo, zile tatu ziache.

Chuma_cha_Pwani
Au beba chakula cha siku mbili umalize zote 7 😀