Oda kubwa ikija naishiwa nguvu, ni malezi au uoga wangu tu?

Bint_Mwanga:
Wakuu habari zenu. Niko Kigoma mjini, nauza dagaa na mawese. Dagaa nachukua Kibirizi, wale wa kuanikwa juu ya chanja siyo mchangani, nachambua napaki nusu kilo nusu kilo natuma Dodoma na Dar. Biashara inaenda, hata 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei mpaka Agosti niliponea kwenye mawese. Shida ni oda kubwa. Juzi mwenye duka mmoja Dodoma kapiga anataka mzigo wa kila mwezi, kauliza bei nikataja, halafu kabla hajafungua mdomo nikadakia "ila tunaongea bosi, nitakupunguzia". Hajaomba!! Akacheka, akasema haya punguza.

Nimekulia kwa shangazi, na pale mwenye akili alikuwa binamu yangu, mimi nilikuwa "huyu wa mikono". Wageni wakija nasifiwa kwa kuosha vyombo, hesabu za genge anaitwa mwenzangu hata kama nimesimama hapohapo. Hakuninyanyasa, nampenda sana shangazi. Ila mpaka leo nikishika kalkuleta namsikia "mpe mwenzio, wewe utaharibu". Sasa nauliza, maneno ya utotoni yanamfuata mtu mpaka kwenye biashara au natafuta wa kumsingizia tu?

Kipara wa Ujiji:
Dada usitafute mchawi. Sisi tumetukanwa utoto mzima na tunauza. Wengi mnashusha bei kwa sababu hamjui mzigo umewagharimu shilingi ngapi. Umeweka nauli? vifungashio? dagaa wanaovunjika? Ukishajua hasara inaanzia wapi mdomo wenyewe utagoma.

asali_tbr:
Kipara umesema kweli ila nusu. Mi niko Tabora nauza asali ya Sikonge, daftari langu limenyooka kila senti ipo. Na mimi sikudharauliwa, nilikuwa "profesa" wa ukoo, kila kitu huyu anaweza. Matokeo yake mteja akirudisha ndoo moja eti asali imeganda (asali kuganda ni kawaida jamani, siyo kwamba imechanganywa sukari) silali, naona leo ndio wamejua sina lolote.

Nuru_ushauri:
Nyie wawili mmeshaandikwa zamani 😄 Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa kwenye masomo na kazi, lakini wenyewe wanajiona wamebahatisha na siku moja wataumbuliwa. Wakaona nyumba za aina mbili. Moja ndugu ndio kapewa cheo cha akili, binti kapewa sifa nyingine, ndio wewe Bint. Ya pili mtoto anaambiwa hashindwi kitu, siku akikutana na kigumu anaona walimdanganya, ndio asali. Wale walikuwa wasomi siyo wauza dagaa, kwahiyo usichukue kama vipimo vya hospitali.

Ila jiangalie hivi. Ukiwa na wasiwasi dagaa hawajakauka unashika, unanusa, unaanika tena, wasiwasi umeisha. Ule wa "mimi sio wa hesabu" umepiga hesabu mwaka mzima zinatoka sawa na bado upo. Huo hauhusu mzigo, hata ukirudia kupima hautoki. Usiusubirie uishe ndio utaje bei. Bei iandike tuma meseji, simu ndio inakuponza. Na shangazi muache, hakumbuki hata alichosema.

Kipara wa Ujiji:
Hiyo ya meseji naunga mkono.

Bint_Mwanga:
Asanteni sana. Kipara gharama zote ninazo, mpaka dagaa wa kuvunjika nawauzia wafuga kuku na naandika, ndio maana nikashangaa kwanini bado nashusha. Nimemtumia yule bosi bei ya mwezi ujao kwa meseji, ile ya mwanzo kabla sijajipunguzia. Kasoma, kimya.

Kipara wa Ujiji:
Usimpigie!! Mimi kesho nakuja kuchukua kilo mbili, bei kamili.