Regulata ya mafuta: nirudishe ya kiwandani au nifunge ya kurekebisha?

Kijana_wa_Tabata: Wakuu habari za jioni. Nina Impreza ya turbo, injini EJ205. Nikichomoa mpira wa vakyumu (ule wa mvuto wa hewa wa injini) kwenye regulata inayodhibiti presha ya mafuta, unanuka petroli. Fundi anasema tufunge ya kurekebisha yenye geji, tupandishe presha hadi psi 55, gari ipate nguvu. Mwingine anasema nirudishe ya kiwandani. Nyie mngefanyaje?

BabaNozeli: Kwanza iegeshe, mkuu. Utando wa ndani umepasuka, injini inavuta petroli mbichi kupitia huo mpira. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uinuse. Kuhusu kuchagua: kama pampu na nozeli (zinazopulizia injini mafuta) ni za kiwandani, nunua regulata ya kiwandani. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapanga muda wa nozeli kufunguka ikiamini presha ni bar 3, yaani psi 43.5. Ukibadilisha presha bila kuiambia boksi, unaidanganya.

Mzee_wa_Turbo: Mimi ninayo ya kurekebisha na siijutii, ila nilikuwa na sababu: nilifunga pampu ya lita 255 kwa saa, regulata ya zamani ikashindwa kurudisha mafuta yote tanki, presha ikawa inapanda yenyewe. Kuiseti si kazi ngumu, inataka subira tu. Injini ipate moto, iwe sailensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta. Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe. Legeza nati, geuza skrubu robo mzunguko, subiri sindano itulie, ndipo ugeuze tena. Ikifika 43.5 kaza nati, halafu soma geji upya, maana kukaza nati huwa kunaisogeza skrubu. Mpira urudishe mwisho.

Pwani_Rally: Naongezea hapo kwa Mzee, maana wengi wanakosea. Mpira ukirudi, presha inashuka, na inashuka tofauti kulingana na mwinuko. Mombasa yangu ilikuwa inashuka kama psi 10. Nilipofika Nairobi ikawa inashuka 7 tu, nikashika spana nikidhani skrubu imelegea. Haikulegea. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo vakyumu inayosomeka sailensa ni ndogo. Seti mpira ukiwa nje, basi. Usiifukuzie namba ya sailensa.

Kijana_wa_Tabata: Na hiyo 55?

BabaNozeli: Kutoka 43.5 hadi 55 nozeli inaongeza mafuta asilimia 12 hivi, kwa sababu mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha. Bila kutyuni upya, yaani kupanga upya kontroli boksi, utapata plagi nyeusi na bili ya mafuta, nguvu hutaziona. Tena turbo ikisukuma psi 15, pampu inapambana na 55 jumlisha 15, yaani 70, na pampu kadiri inavyosukuma presha kubwa ndivyo inavyotoa lita chache. Unaweza kuishiwa mafuta palepale unapoyahitaji, injini ikatoboka pistoni. Anayetaka nguvu anunue nozeli kubwa, pampu ya kuzilisha, kisha atyuni.

Mzee_wa_Turbo: Naunga mkono. Na kabla ya kufungua chochote, toa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka izime yenyewe. Petroli yenye presha ikirukia injini ya moto, gari linaungua.

Kijana_wa_Tabata: Mrejesho, wakuu. Dipstiki ilinuka petroli kweli, nimemwaga oili yote na kuweka mpya. Tumefunga regulata ya kiwandani. Mpira ukiwa nje geji inasoma 43, ukirudi 33. Asubuhi imewaka mara moja na harufu imeisha. Asanteni sana.