Rozela na presha: ipimwe kwanza au tuendelee kunywa?

Mtoto wa Tandika: Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Mama ana presha miaka 9 sasa. Juzi nimekuta kwenye friji chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani kitu chekundu kizito, nje kimeandikwa kwa maka peni "PRESHA + FIGO, vijiko 3 x 2". Vidonge vyake vimefichwa nyuma ya kopo la sukari, karatasi haijatobolewa. Nimeonja: rozela, ile wengine mnaita choya, pamoja na kitu kichungu sikukijua. Nikampima: 176/104. Yeye anasema kichwa hakimuumi, basi amepona. Dawa kama hizi zizuiwe sokoni mpaka zipimwe kwa watu, au tutakuwa tunawaonea waganga wetu?

Mjukuu wa Mganga: Zipimwe na nani? Bibi zetu walikunywa wakafika miaka 90. Muhimbili pana taasisi nzima ya tiba asili, mizizi yake ni enzi za Mwalimu, mwenye kumbukumbu atutajie dawa moja iliyotoka pale ikafika duka la mtaani kwake. Wakishapima wataweka kwenye kopo watuuzie elfu 40.

Kipimo Tu: Bibi yako nani alimpima presha? Rozela ilishapimwa. Marekani, Chuo cha Tufts, 2010, watu 65, vikombe 3 kwa siku, wiki 6. Presha ya juu ilishuka kama 7, waliopewa kinywaji cha kuzugia ikashuka kama 1. Ila hao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu na hawakuwa kwenye vidonge. Toa 7 kwenye 176 ya mama unambie umebaki na ngapi. Na hicho kichungu ndicho cha kuogopa: Ubelgiji, miaka ya 90 mwanzoni, wanawake walipewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene, kumbe ndani umeingia mmea mwingine, figo zikafa. Shida yenu watu wa Mbagala, kikiwa kwenye chupa ni dawa.

Mzee wa Rangi Tatu: Mbagala imeingiaje? Mleta uzi kasema Tandika.

Kipimo Tu: Zote si Temeke?

Mzee wa Rangi Tatu: Temeke wilaya au Temeke mtaa? Usitupange kama viazi. 2011 magari yaliyojaa Samunge kwa Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa kikombe cha mitishamba, yalikuwa VX za kwenu Masaki, si daladala za Mbagala.

Kipimo Tu: Mimi nakaa Segerea.

Mzee wa Rangi Tatu: Sawa, wa Segerea. Kwa Babu ulienda, hukwenda?

Kipimo Tu: Nilimsindikiza shemeji.

Mzee wa Rangi Tatu: Ukanywa?

Kipimo Tu: Foleni vile, kikombe chenyewe 500. Ningebaki kutazama miti?

Mama Kijacho: 😂😂😂 Mtaalamu wa Tufts na kikombe cha mugariga, mti wa Babu!

Sista wa Zamu ya Usiku: Samahani kuwakatisha. Nafanya kazi chumba cha kusafisha damu. Presha inaua figo, na figo ikichoka inapandisha presha, kwa hiyo kichwa kutouma hakukwambii kitu. Kriatinini nayo, kile kipimo cha figo kwenye damu, inaweza kusoma vizuri huku sehemu kubwa ya figo imeshakwenda. Figo mbovu inashindwa kuitoa nje potasiamu iliyo kwenye damu, na majani mengi yanayo, ikizidi moyo unaweza kusimama. Mleta uzi, mpeleke apimwe damu na mkojo, na chupa mwende nayo.

Mjukuu wa Mganga: VX za Masaki ni kweli kabisa. Mimi nilikuwa Arusha mwaka ule, nimeziona kwa macho yangu.

Mama Kijacho: Rozela kavu Kariakoo kilo bei gani siku hizi? Nataka ya juisi tu, msinipige.

Mtoto wa Tandika: Sista, ahsante. Jana nimembembeleza hadi saa nne usiku. Amekubali kwenda Jumatatu na vidonge ameanza tena, kwa sharti nisiimwage chupa yake. Nimeihamishia chumbani kwangu. Lakini swali langu kuhusu kupimwa hakuna aliyelijibu.

Mjukuu wa Mganga: Usimwage. Nijazie kichupa, nitakwambia hicho kichungu ni mti gani.

Mzee wa Rangi Tatu: Na huyu wa Segerea hajasema shemeji alipona nini.