Niliandika siri ya mdogo wangu kwenye daftari la maombi, ikamfikia mumewe kazini. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo nitaruka huku na kule, mnivumilie. Asiyependa habari za makanisa apite tu. Na wale wa "dini zote biashara" nao wapite, leo sina nguvu ya mjadala huo. Mimi ni mlokole, nimeokoka nikiwa kidato cha pili na bado nasali. Ninacholalamikia ni daftari.

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa idara ya maombi kwenye kanisa letu hapa Dar. Jina la kanisa silitaji, na atakayelikisia kwenye comments simjibu.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe iko hivi. Jumapili mlangoni kuna kikapu cha vikaratasi, A4 iliyokatwa mara nne: jina, simu, unakokaa, hitaji lako. Chini kuna viboksi vya kuweka tiki: ndoa, uzao, kazi, afya, kesi, safari. Jioni nikishaosha vyombo nakaa mezani na kuhamishia kila kitu kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu. Aliyejibiwa namwekea alama nyekundu. Jumatano waombezi wanagawana kurasa, kila mtu na zamu yake, ya mwisho inaanza saa tisa usiku.

Utashangaa watu wanaandika nini kwenye kile kikaratasi. Mtu ambaye hajamwambia hata mama yake mzazi kwamba amepima na majibu ni mabaya, anaandika pale, na namba ya simu juu. Mwalimu anaandika ana mikopo mitatu ya kausha damu na mumewe hajui. Kijana mmoja aliacha nafasi zote wazi, kwenye hitaji akaandika neno moja tu: "Usingizi." Nililikalia lile neno muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote za siku ile.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Idara ilianzishwa na bibi mmoja muuza mihogo, marehemu sasa, ambaye hakuwahi kuandika chochote kwa sababu kusoma kwenyewe alisoma kwa kuunganisha herufi. Ukimfuata na shida yako anakushika mkono, anakusikiliza kama unataka kusema, hutaki anakuacha. Kisha anasema, "Baba, huyu unamjua na shida yake unaijua." Basi. Alipofariki alizikwa na siri za nusu ya mtaa, na hakuna hata moja iliyowahi kusikika gengeni. Sisi wasomi tulipoingia ndipo tukaleta fomu.

Sasa nianze na kituko, maana kilitangulia msiba.

Mwaka juzi dada mmoja alinipigia niandike hitaji lake kwa vile alikuwa safarini. Mtandao unakatakata. Anasema mumewe yuko Mpanda kikazi, mwezi wa nane sasa hajatuma hata mia. Mimi nikasikia Mpwapwa, nikaandika Mpwapwa. Jumamosi jioni nikapeleka daftari ofisini kama kawaida, mchungaji "aliwekee mikono". Jumapili katikati ya ibada mchungaji akanyamaza. Akafumba macho. Kinanda kikashushwa. "Kuna mwanamke hapa... namwona mume wake yuko mbali... ninapewa neno... Mpwapwa!" Kanisa zima likalipuka haleluya. Yule dada alikuwa amesharudi, amekaa safu ya nne upande wa kulia. Nikamwona anageuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke wa Mpwapwa, na anapiga makofi kumshangilia mwenzake.

Roho Mtakatifu hakosei wilaya, wakuu. Aliyekosea ni mimi, siku ya Jumanne, nikiwa jikoni na simu nimeibana begani.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka siku ile. Nilijiambia labda ni mara moja tu. Nilijiambia mtumishi ana mzigo mzito. Na niseme ukweli wote, cheo kilikuwa kitamu. Ukiwa ndiye unayejua shida za watu, ukipita uani baada ya ibada unasalimiwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo nilibaki, na hilo sina wa kumlaumu.

Baadaye ikaja simu. Mama mmoja wa idarani akaona kugawana kurasa ni ushamba, akafungua grupu la WhatsApp. Mwanzo tulikuwa waombezi 12. Akaongezwa na mume wa fulani, wakaja wa kwaya, wakaja wa tawi la pili, wakaja watu ambao walikuwa wanauza vitenge tu humo ndani. Mpaka natoka tulikuwa zaidi ya 300. Daftari likawa linapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurushwa. Mwandiko wangu, namba za watu, magonjwa ya watu. Nilipouliza niliambiwa, "Dada katibu, maombi ya wengi yana nguvu."

Haya, mdogo wangu.

Mdogo wangu ana miaka minne kwenye ndoa hajapata mtoto. Ukweni wameshamsema kwa kila lugha. Mwezi wa tatu wakaenda yeye na mumewe kupima, wote wawili, jambo ambalo wanaume wengi hawakubali, lakini shemeji yangu alikubali. Majibu yakasema tatizo liko kwa shemeji. Mdogo wangu alinipigia usiku akilia kwa sauti ya chini ili asisikike chumba cha pili. Akasema, "Dada, mtuombee, lakini hili ni la kwako na Mungu." Nami, kwa ujinga wa mazoea, nikafungua kaunta buku nikaandika. Jina nikaacha. Nikajiona nimetunza siri kwa sababu jina nimeacha.

Siku mbili baadaye naona grupuni ujumbe wa yule mama. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, nimebadilisha mahali tu:

"Bwana Yesu asifiwe watumishi. Tubebe hitaji hili KWA SIRI SANA. Kuna binti, sitamtaja jina, ni mdogo wake dada katibu wetu, mumewe ni yule fundi friji wa pale karibu na kituo cha daladala. Wamepima, tatizo ni la mume. Tuvunje roho ya utasa upande wa ukoo wa baba. Tafadhali isitoke humu."

Hakumtaja jina. Alitaja dada yake, kazi ya mumewe na kituo cha daladala. Chini yake watu wamejaza mikono ya kusali, na mmoja anauliza, "Ni yule mweupe mrefu?" Mtu mzima kabisa, ana wajukuu.

Ule ujumbe ulinirudia siku ya tatu kutoka kwa shangazi yetu wa Tabora, ambaye hata dhehebu letu hana. Ulikuwa na mishale miwili, ile ambayo WhatsApp inaiweka ujumbe ukishapita kwenye mazungumzo matano au zaidi. Lakini aliyeumiza si shangazi. Shemeji alikuwa kazini amepiga magoti nyuma ya friji la mteja, anachomelea bomba la gesi. Mteja akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa, akamwambia, "Pole sana fundi. Mke wangu kaniambia. Wanakuombea."

Akamaliza kuchomelea. Akachukua hela yake. Akarudi nyumbani, akamwuliza mdogo wangu swali moja: "Ulimwambia nani?" Kuanzia siku hiyo analala sebuleni. Mdogo wangu naye hapokei simu zangu, ananijibu kwa meseji za neno moja moja. Namwelewa. Mimi ningefanya zaidi ya hapo.

Nikatoka grupuni, nikaomba kikao. Kikaitwa Alhamisi, wazee wawili na mama mchungaji. Nilijua nakwenda kulalamika, kumbe nimeitwa kujieleza kwa nini nimetoka kwenye grupu la kanisa bila kuaga. Dakika 20 tunajadili utaratibu wa kutoka grupuni! Nilipofika kwenye jambo lenyewe, mama mchungaji akanishika goti: "Mwanangu, shetani anatafuta mlango wa kuingilia huduma. Yule mama alifanya kwa upendo. Achilia." Yule mama hakuitwa. Jumapili iliyofuata ndiye aliyeongoza maombi ya kufungulia ibada.

Nikawaambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Nimeisoma kwenye simu. Afya ya mtu na imani yake ya dini zimo kwenye taarifa nyeti. Kile kikaratasi chetu kina vyote viwili, na namba ya simu juu yake. Mzee mmoja akacheka: "Sheria za dunia haziingii madhabahuni, binti yangu." Mzee huyo huyo, kanisa lilipotapeliwa kiwanja, alikuwa polisi kabla jua halijatua.

Najua kuna atakayekuja na "tutaombaje bila kujua tunaombea nini?" Hoja hii nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Fungueni Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza. Hana anaomba, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli anamdhania amelewa, anamgombeza. Hana anajibu kwamba hajalewa, anamimina roho yake mbele za Bwana. Sasa angalieni anachofanya Eli. Haulizi "shida yako nini?" Haulizi mume ni yupi, tatizo liko kwa nani. Anamwambia aende kwa amani, Mungu wa Israeli ampe alichomwomba. Alichoomba hakijui! Na Samweli akazaliwa. Hiyo habari tunaihubiri kila mwaka Siku ya Wanawake, hakuna aliyewahi kutuambia kwamba Eli hakuwa na fomu.

Jirani yangu ni katekista wa Kikatoliki. Zamani nilikuwa namtania kuhusu kile kiti chao cha kitubio. Juzi nimemsimulia haya, akanionyesha kanuni ya 983 kwenye sheria za Kanisa lao. Padri haruhusiwi kumsaliti aliyetubu kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, na kama kulikuwa na mkalimani, naye anafungwa kuitunza siri. Mkalimani! Mtu aliyepita katikati tu. Nikawaza, na katibu je? Kwetu sisi katibu, mpiga picha, mama wa grupu na yule mteja mwenye friji bovu, nani amefungwa na nini?

Na wanaume mlioko huku mnaosema wanawake ndio wambea, tulieni. Waliorusha ule ujumbe nje ninaowajua ni watatu, wawili ni wanaume, mmoja ni shemasi.

Sasa hali ilivyo leo. Daftari ninalo mimi. Yako mawili kwa kweli, la kwanza limejaa, la pili limefika nusu. Wamekuja wazee wawili Jumanne na Ijumaa kuyataka, "ni mali ya kanisa". Niliwakaribisha chai, wakanywa, daftari sikutoa. Nimeambiwa Jumapili jina langu litatajwa. Litajwe.

Wiki hii nimeanza kuwapigia watu mmoja mmoja kufuata namba walizoandika. Namwambia mtu, una ukurasa kwangu, unataka nikuletee au nichome? Ukurasa mmoja una watu wanne mpaka watano, kwa hiyo nakata kwa mkasi wa kushonea, kila mtu na kipande chake kwenye bahasha. Wengi wanasema choma. Wawili wamenikatia simu. Yule dada wa Mpanda nilipompigia alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mlikuwa mnaandika kwenye daftari? Mimi nilidhani mnaomba tu." Anakuja kuchukua cha kwake Jumamosi. Habari ya Mpwapwa bado sijapata mdomo wa kumweleza.

Ukurasa wa mdogo wangu nimeuchoma kwenye jiko la mkaa, nikamtumia picha ya majivu. Ameiona. Hajajibu.

Nimebaki na vipande kama 60 ambavyo namba hazipatikani. Na kile cha "Usingizi", hakina jina wala simu.