Wiki ya waandishi weusi wa vitabu vya watoto: inatuhusu sisi wa Kusini?

Mtoa mada, Lindi mjini
Wanajamvi, salaam. Kwenye kikao cha wazazi cha shule yetu ya msingi, mwalimu mmoja alipendekeza wiki ya kusoma ya mwaka huu iwe ya kuwaenzi waandishi weusi wa vitabu vya watoto na vijana. Akajibiwa palepale: "Huku sote weusi, hayo ni mambo ya Marekani." Hoja ikafa. Mimi naona iliuawa mapema mno.

Ni kweli chimbuko lake ni Marekani. Tuzo ya Newbery, yenye heshima kubwa kule kwa vitabu vya watoto, ilianza 1922. Mwandishi mweusi wa kwanza kuitwaa, Virginia Hamilton, aliitwaa 1975. Watoto walikua, wakazaa, wakajukuu, ndipo ikawezekana. Hata Tuzo ya Coretta Scott King ilianzishwa 1969 kwa sababu waandishi na wachoraji weusi walikuwa wakirukwa.

Sasa sikilizeni. Wakati huohuo Wamarekani weusi waliotaka kuwapa watoto wao fahari walikigeukia Kiswahili. Mwaka 1971 Muriel Feelings alitoa kitabu cha picha cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, michoro ikiwa ya Tom Feelings. Mtoto wa ng'ambo akashikishwa lugha yetu ndani ya kitabu kizuri. Mtoto wa Ruangwa aliyezaliwa nayo, nyumbani kwao kuna kitabu gani cha hadithi? Kuwa weusi sote hakujampa kitabu hata kimoja. Kwa hiyo inatuhusu, tena sana.

Mzazi, Newala
Mtoa mada, nakuheshimu ila napinga. Vitabu vya hao Wamarekani ni vya Kiingereza. Mwanangu yuko darasa la nne, masomo yote kwa Kiswahili. Tutabandika picha za waandishi ukutani, watoto waimbe, waende nyumbani. Wamesoma nini?

Mwalimu, Nachingwea
Mzazi wa Newala umegusa penyewe, lakini dawa si kuifuta wiki. Waandishi weusi wa watoto tunao hapahapa. Elieshi Lema ameandikia watoto kwa Kiswahili, na yeye na Demere Kitunga wakaanzisha kampuni yao ya uchapishaji, E&D. Tangu 1991 upo Mradi wa Vitabu vya Watoto, unaowasaidia waandishi na wachapishaji wa nchini kutoa vitabu vya Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Muulizeni mwanafunzi yeyote amtaje mwandishi mmoja wa hadithi za watoto aliye hai. Kimya. Darasani kwangu kitabu kimoja cha hadithi kinagombewa na dawati zima, na kikichanika hakirudi.

Kijana, Mtwara
Naunga mkono, na naongeza. Mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, ilifukuliwa Tendaguru, hapa Lindi, na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Wazee wetu wakaibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi. Leo dinosaria mmoja amesimama Berlin, kimo chake kwenda juu mita 13. Vita vya Majimaji vilianzia Umatumbi, Kilwa, 1905. Mapiko ya Wamakonde, vile vinyago vya kuvaa kwenye ngoma, tunayaona kila msimu wa jando. Hii yote ni hazina ya vitabu vya watoto, na anayeijua vizuri yuko huku kwetu. Lakini ataandika ale nini? Mswada utakaa mvunguni.

Mzazi, Newala
Hapo kijana nimekuelewa. Kama ni kununua vitabu vya Kiswahili vya watu wetu, nipo. Ila wale wa Marekani bado sioni nafasi yao.

Mtoa mada, Lindi mjini
Mzee wangu wa Newala, wanayo. Wanafunzi wa sekondari wanasoma kwa Kiingereza, na kuna vijana wa kidato cha tatu wangeshikwa na Jacqueline Woodson au Jason Reynolds kuliko mihtasari ya kukariri. Msingi wapewe vya Kiswahili kwanza, na vizuri vya nje vitafsiriwe kwa mkataba, mwenye kazi alipwe.

Kuhusu fedha, nitasema wazi hata kama nitachukiwa: kwenye korosho tunakatwa kwa mambo mengi, na sijawahi kusikia kitabu cha hadithi kikitajwa kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika. Nataka tupeleke hoja kabla minada haijafunguliwa Oktoba: kila chama kinunue seti moja ya vitabu vya hadithi kwa shule ya kijiji chake, na mwandishi mmoja aalikwe, apewe nauli na posho kama wageni wengine. Mwalimu wa Nachingwea, unaweza kutuwekea hapa orodha ya vitabu unavyovijua, na bei zake?