Naomba ushauri: nesi wa zamu za usiku, usingizi wa mchana haukai kabisa

Habari zenu wadau, mimi ni nesi wodi ya wagonjwa mahututi, naombeni msaada maana hali inanitisha. Zamu zetu zinabadilika kila mara, sasa nikitoka asubuhi mwili umechoka balaa ila nikilala nashtuka baada ya masaa matatu hivi na usingizi ndo umeisha, wakati mtu mzima anatakiwa apate angalau masaa 7. Najua ule mwanga wa asubuhi njiani unauambia ubongo kumekucha, melatonini (homoni ya kuleta usingizi) inashuka, ndo maana nimeweka mapazia mazito na kahawa mwisho saa 7 usiku kwa sababu kafeini inakaa mwilini muda mrefu, imesaidia kidogo tu.

Kinachoniuma zaidi ni kazini, ikifika saa kumi alfajiri kichwa kinakuwa kizito nahesabu dozi mara mbili mbili maana pale ukikosea ni uhai wa mtu, na nyumbani watoto wananiona mkali tu, sina hata nguvu ya kukaa nao. Vidonge vya usingizi sitaki kuvianza kienyeji.

Mliokaa kwenye zamu hizi miaka mingi, mnalala kwa mkupuo mmoja au mnagawa, asubuhi kidogo na jioni kabla ya kuingia? Na kuna aliyefanikiwa kumshawishi matroni apange zamu ziende mbele, yaani asubuhi, jioni ndo usiku, badala ya kurushwa rushwa? Mlimwambiaje?